Detekta ya metali: uanzeje bila kula hela ya mbolea

Leo tunaweka pembeni viwavijeshi na bei ya parachichi, tuongee kuhusu kitu ambacho nimeulizwa sana tangu msimu ulipoanza. Ni kile kifaa cha kutafutia metali ardhini, ambacho wengi mnakiita detekta.

Mwezi Novemba, mvua ikiwa imeshaanza kuonjesha, kijana mmoja alinifuata ofisini. Ni mkulima mzuri, analima ekari 2 za mahindi, na mama yake ana ng'ombe wawili wa maziwa. Nikadhani kaja kuuliza habari za mbolea ya ruzuku. Kumbe siyo. Alinipa shikamoo, akatoa simu, akanionesha picha ya mashine yenye mpini mrefu na sahani ya duara chini.

"Bwana shamba, hii kitu ni ya kweli? Kuna jamaa ananiuzia. Nikiuza mahindi yaliyobaki ghalani, nikaongezea na hela ya mbolea, inatosha."

Akaendelea kunieleza kwamba babu yake alikuwa akisema Wajerumani walipokuwa wanakimbia vita walifukia sanduku la rupia karibu na mto. Sikumcheka, kwa sababu mimi mwenyewe ninayo detekta. Nilinunua ndogo, iliyotumika, kwa mtu aliyekuwa anahama kutoka Chunya. Mwaka wa kwanza nilijaza ndoo ya lita 10 kwa misumari, vizibo vya soda na vipande vya bati. Nilipata pia sarafu tatu za tundu. Dhahabu sikupata hata punje. Na bado naipenda ile mashine, Jumapili jioni ndiyo starehe yangu.

Nilimwambia neno moja ambalo nawaambia na ninyi: detekta ni burudani nzuri na ni kifaa kizuri cha shamba, lakini siyo zao. Usiinunue kwa hela ya msimu. Ukishalielewa hilo, haya yafuatayo yatakusaidia kuanza vizuri.

1. DETEKTA INAFANYAJE KAZI

Hakuna uchawi hapa. Ile sahani ya chini ina waya wa shaba uliozungushwa mara nyingi. Umeme wa betri ukipita humo unatengeneza nguvu ya sumaku inayobadilikabadilika, nayo inashuka ardhini. Ikikuta kipande cha metali, iwe chuma, shaba, bati au dhahabu, ndani ya kile kipande kunazaliwa mkondo mdogo wa umeme. Mkondo huo nao unarudisha nguvu yake ya sumaku juu. Sahani inaisikia, mashine inalia.

Wazo hili ni la zamani. Mwaka 1881 Rais James Garfield wa Marekani alipigwa risasi, na Alexander Graham Bell, yule wa simu, akaletwa na kifaa chake kuitafuta ile risasi mwilini. Hakuipata, na inaelezwa kuwa springi za chuma za kitanda ziliichanganya mashine. Somo hilo linatuhusu hadi leo: detekta inasikia kila metali iliyo karibu, siyo ile tu unayoitaka wewe. Vua saa, na usivae buti zenye chuma kwenye kidole.

Jua pia mambo ambayo detekta haiwezi kufanya:

- Haisikii vito. Rubi, almasi na mawe mengine siyo metali.
- Haisikii vumbi la dhahabu lililosambaa kwenye mchanga. Inahitaji kipande.
- Haifiki mbali. Sarafu moja kwa mashine ya kawaida inasikika kwenye sentimita 15 hadi 25 hivi, na hapo udongo uwe mzuri. Kitu kikubwa kama jembe kinasikika chini zaidi. Anayekuambia mashine yake ndogo inaona pete ikiwa mita 10 chini anakudanganya.
- Haikwambii "hii ni dhahabu". Inakwambia tu kwamba hapa kuna metali, na zile bora zinakupa dokezo la aina yake. Jibu kamili liko kwenye jembe.

Sasa tuje kwenye udongo wetu. Nyanda za Juu Kusini tuna udongo mwekundu wenye chuma kingi sehemu nyingi, na kule Rungwe tuna udongo uliotokana na volkano. Udongo wa namna hii una chembe za madini ya chuma zinazoifanya mashine ilie hata pasipo na kitu. Ndiyo maana mashine nzuri ina kitufe cha kuzoea udongo. Unaishusha na kuipandisha mara kadhaa mahali pasipo na metali mpaka kelele za ardhi zitulie. Asiyefanya hivyo atachimba shamba zima akifukuza kelele.

2. ARDHINI KWETU KUNA NINI

Tuseme ukweli, kwa sababu hapa ndipo watu wanapotapeliwa.

Kitu cha kwanza na kilicho kingi ni takataka: misumari, vizibo, nyaya, karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara, betri mbovu, vipande vya masufuria. Ukianza, hesabu kwamba sehemu kubwa ya mashimo yako yatatoa hivi.

Pili, sarafu. Hizi ndizo zinazofanya mchezo uwe mtamu, kwa sababu kila moja ina historia ya nchi yetu. Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilitoa pesa za shaba miaka ya 1890 hadi 1892, upande mmoja zina tai na upande mwingine maandishi ya Kiarabu. Zipo rupia zenye sura ya Kaisari Wilhelm II akiwa amevaa kofia ya kivita. Kuanzia mwaka 1904 rupia moja ikawa na hela 100, na neno hilo "hela" tunalo mdomoni mpaka leo. Mwaka 1916, vita ikiwa imewakatia njia ya bahari, Wajerumani walitengeneza sarafu zao wenyewe Tabora, zikiwemo za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo. Baada yao ikaja shilingi ya Afrika Mashariki yenye simba na milima nyuma yake, pamoja na zile senti za tundu. Shilingi yetu ya Tanzania ilianza mwaka 1966.

Je, rupia ni utajiri? Rupia ya kawaida ya Mjerumani ina uzito wa gramu 11.7 hivi, nyingi ni madini ya fedha. Ina bei kidogo kwa wanaokusanya sarafu, na bei hupanda ikiwa ni adimu na haijachakaa. Basi. Haina "nguvu", haivuti kitu wala haifukuzi kitu. Mtu akikupigia simu kwamba kuna tajiri anainunua kwa mamilioni, ila kwanza utume hela ya kipimo au ya usafiri wa mtaalamu, kata simu. Nimeona mzee mmoja akiuza ng'ombe kwa ajili ya "kipimo" cha namna hiyo, na tajiri hakuja mpaka leo.

Tatu, dhahabu. Hii ipo kweli, ila ipo kwenye maeneo yake. Wilaya ya Chunya iko kwenye ukanda wa dhahabu wa Lupa. Wachimbaji walimiminika huko miaka ya 1920 na 1930 wakifuata dhahabu ya mitoni, na mgodi wa Saza ulifanya kazi tangu 1939 hadi 1956. Mpaka leo kuna vijana kule wanatembea na detekta wakitafuta mapande yaliyobaki juujuu. Lakini kumbuka, eneo lililochimbwa miaka karibu 100 limejaa misumari na makopo ya wachimbaji wa zamani. Nje ya maeneo yenye miamba ya dhahabu, kutembeza mashine shambani kwako ukitegemea dhahabu ni sawa na kusubiri mpunga uote kilimani bila maji.

Nne, vitu vya historia na vitu vya hatari. Hivi vina sehemu yake hapo chini, usiruke.

3. MASHINE YA KUANZIA

Zipo aina kuu mbili. Ya kwanza inatuma mawimbi mfululizo. Hii ni nyepesi, bei yake ni nafuu, na inaweza kuchuja, yaani kukutofautishia msumari na sarafu kwa mlio au kwa namba kwenye kioo. Ya pili inatuma nguvu kwa mapigo, inatuma na kunyamaza, inatuma na kunyamaza. Hii inavumilia udongo mwekundu na inaingia ndani zaidi, ndiyo maana wachimbaji wengi wa dhahabu wanaipenda. Ila ni nzito, kuchuja chuma siyo kazi yake, na bei yake ni mamilioni. Anayeanza kwa burudani achukue aina ya kwanza.

Kabla ya kutoa hela, fanya yafuatayo:

- Azima kwanza. Tembea nayo siku mbili. Wengi hamu huisha siku ya kwanza baada ya shimo la kumi la kizibo.
- Ijaribu mbele ya muuzaji. Beba sarafu ya shilingi 200, msumari na pete. Viweke chini, pitisha sahani, sikiliza. Kisha uifunike ile sarafu kwa udongo, uone inasikika mpaka unene gani.
- Angalia waya wa sahani kama umekatika au umefungwa kwa gundi. Ndiyo unaoharibika mapema.
- Uliza betri zake. Kama zinachajiwa, uliza kama zinapatikana Mbeya au Iringa mjini.
- Nunua kwa hela ya ziada, baada ya mavuno, baada ya ada za watoto.

Kaa mbali kabisa na ile "mashine" yenye kishikio na antena mbili zinazocheza, ambayo muuzaji anasema inanusa dhahabu kilomita moja. Hiyo haina chochote ndani. Uingereza mwaka 2013 mfanyabiashara James McCormick alifungwa miaka 10 kwa kuuza vifaa vya namna hiyo, akidai vinatambua mabomu. Alikuwa ameviuza mpaka Iraki, na mahakamani ilibainika kwamba asili yake ni kifaa cha mchezo cha kutafutia mipira ya gofu. Serikali nzima ilidanganyika. Wewe na mimi tusijione wajanja sana, tupime kwanza.

Vifaa vingine ni vichache. Hedifoni zinasaidia kusikia milio midogo na kutosumbua majirani. Kijembe kifupi au panga dogo. Mfuko wa takataka. Gunia tupu, nitaeleza la nini. Glavu ngumu, kwa sababu bati lenye kutu linakata.

4. TENGENEZA SHAMBA DARASA

Kama tunavyofanya kwa mbegu mpya, usiende uwanjani kabla ya kujifunza nyumbani. Chagua kipande cha mita 2 kwa 3 nyuma ya nyumba. Kwanza kisafishe kwa detekta mpaka kinyamaze. Halafu fukia vitu hivi, kila kimoja na kijiti chake juu: sarafu kwenye sentimita 5, nyingine kwenye sentimita 10, nyingine kwenye 15, msumari, kizibo, karatasi ya sigara iliyokunjwa, kipande cha waya wa shaba. Andika kwenye daftari kipi kiko wapi.

Sasa pita na mashine taratibu. Sikiliza msumari unavyokwaruza, sarafu inavyolia safi, kizibo kinavyojifanya sarafu. Rudia kila jioni wiki moja. Utagundua jambo moja muhimu: kipande kidogo cha dhahabu na karatasi ya sigara vinaweza kulia kwa sauti inayokaribiana sana. Ukiiambia mashine ichuje karatasi zote, huenda umeiambia iache na dhahabu. Ndiyo maana wanaotafuta dhahabu wanachimba kila mlio. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

5. UKIFIKA SHAMBANI

Wakati mzuri kwetu ni mara mbili. Kwanza ni baada ya kuvuna, Juni na Julai, udongo ukiwa haujakauka sana. Pili ni baada ya kulima kabla ya kupanda. Usiingie kwenye mahindi yaliyoota, hata yakiwa yako. Mizizi haisubiri hobi yako.

Tembea polepole. Sahani iwe karibu kabisa na ardhi, isipande kama fagio mwisho wa mzunguko. Kila mzunguko upishane kidogo na uliopita. Gawa shamba kwa mistari kama unavyopima nafasi za kupanda, maliza mstari mmoja ndipo uende mwingine.

Mlio ukirudia mahali pamoja, pitisha sahani kwa upande mwingine kama msalaba. Pale milio inapokutana ndipo kitu kilipo. Chimba kidogo pembeni yake, siyo juu yake, usije ukakikata. Udongo uweke juu ya gunia, usiutawanye. Pitisha tena mashine: kama shimo limenyamaza na gunia linalia, kitu kiko kwenye gunia. Ukishakitoa, rudisha udongo wote kwa kuinua gunia tu, kanyaga, rudisha na nyasi. Takataka weka mfukoni uondoke nazo.

Nasisitiza kufukia. Shimo la sentimita 20 linavunja mguu wa ng'ombe. Nimeitwa kwenye shamba moja lililoachwa na mashimo zaidi ya 40. Mwenye shamba alikuwa ametayarisha matuta ya viazi, akaanza upya, na tangu siku hiyo hataki kumuona mtu yeyote na mashine. Mmoja akiharibu, wote tunafungiwa mlango.

6. RUHUSA NA SHERIA

Ruhusa ya kwanza ni ya mwenye shamba. Siyo "nilimuona kwa mbali akanipungia mkono". Kaa naye, kubalianeni kikipatikana kitu inakuwaje, andikeni karatasi na shahidi. Kwenye ardhi ya kijiji nenda kwa mwenyekiti na mtendaji. Fanya kazi mchana. Mtu anayechimba usiku na tochi kwenye shamba la watu ataitwa mwizi, au mchawi, na hutapata nafasi ya kujieleza. Makaburini na kwenye sehemu za matambiko usikanyage kabisa.

Kuhusu dhahabu: hati ya shamba haikupi haki ya madini yaliyo chini yake. Kwa Sheria ya Madini ya mwaka 2010, hata kutafuta tu kunataka leseni. Kwa mtu wa kawaida kuna leseni ya uchimbaji mdogo, hiyo ni ya Watanzania, inadumu miaka 7 na inaweza kuhuishwa. Ukitaka kwenda Chunya na mashine, fanya kazi ndani ya leseni ya mtu kwa makubaliano ya maandishi, au uliza kwanza ofisi ya Tume ya Madini. Ukipata, uza kwenye soko la madini, siyo kwenye mfuko wa mtu stendi.

Kuhusu mambo ya kale: tuna Sheria ya Mambo ya Kale tangu mwaka 1964. Vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863 vinalindwa, kufukua kwenye maeneo ya kale kunahitaji kibali, na ukivikuta kwa bahati unatakiwa kutoa taarifa. Kwa hiyo maeneo kama Isimila na Kalenga siyo ya kwenda na detekta.

Kuna anayesema, "Sasa risasi kuukuu ina faida gani kwao?" Chukua mfano wa Lugalo, ambako tarehe 17 Agosti 1891 jeshi la Mkwawa lilikipiga kikosi cha Wajerumani na kamanda wao Zelewski akauawa. Au Kalenga, ngome ya Mkwawa, iliyotekwa Oktoba 1894. Risasi ikiwa pale ilipoanguka, mtaalamu anaweza kusoma nani alisimama wapi na alipiga kuelekea wapi. Ukiing'oa ukaitia mfukoni, inabaki kipande cha risasi tu, na habari yake imekufa. Ni sawa na kupima udongo: ukileta sampuli bila kuniambia imetoka shamba gani na kina gani, siwezi kukushauri kitu. Ukitaka kuona vitu vya namna hiyo vikiwa vimetunzwa, nenda makumbusho ya Kalenga au Boma la Iringa mjini.

Hatari ya mwisho: Vita vya Kwanza vya Dunia vilipita huku kwetu. Mwaka 1916 walipigana Malangali, walipigana Lupembe. Ukikutana na kitu chenye umbo la kombora au bomu, hata kiwe kimeoza kwa kutu, usikiguse, usikigonge, usikibebe. Weka alama kwa mbali, ondoka na watoto, toa taarifa kwa mwenyekiti na polisi.

Kufuata taratibu hakumnyimi mtu riziki. Novemba 1992, kijiji cha Hoxne huko Uingereza, mkulima alipoteza nyundo shambani. Akamwomba rafiki yake Eric Lawes, mstaafu mwenye detekta, aje amtafutie. Akitafuta nyundo, Lawes akakuta sarafu za dhahabu na fedha za wakati wa Warumi. Alichimba kidogo, akaona ni nyingi, akasimama, akaacha vilivyobaki vilivyo, wakatoa taarifa. Wataalamu wakaja kesho yake, wakatoa sarafu karibu 15,000 pamoja na mapambo na vijiko, vyote vikiwa bado katika mpangilio wake. Serikali ilitoa zawadi ya pauni milioni 1.75, naye Lawes akagawana na mkulima. Sheria zao siyo zetu, kwa hiyo usisubiri zawadi ya namna ile. Cha kuchukua hapo ni kusimama. Mtu mwenye jembe mkononi na dhahabu machoni, akasimama. Nyundo nayo ilipatikana, na ipo makumbusho mjini London.

7. FAIDA YA MKULIMA

Hapa sasa ndipo nilipomshika yule kijana.

Ng'ombe halambi akachagua kama mbuzi. Anazoa majani na kumeza. Akimeza msumari au kipande cha waya, kinatua kwenye tumbo la pili, lile lenye vyumba kama sega la nyuki. Tumbo hilo linajikaza, waya unatoboa, na mbele yake kidogo tu kuna moyo. Dalili zake: maziwa yanashuka ghafla, ng'ombe anaacha kula, anakunja mgongo, anatanua viwiko vya miguu ya mbele, anagugumia akishuka mteremko. Ukiona hivyo muite daktari wa mifugo haraka. Ipo sumaku maalumu anayoweza kumezeshwa ili ishike vyuma visitembee, lakini kinga ni bora. Pitisha detekta bandani, kwenye hori, kwenye njia ya malisho, na hasa pale ulipojengea nyumba au kuchoma matairi, kwa sababu tairi likiungua linaacha nyaya nyembamba nyingi.

Mwenye miti ya paina au mlingoti Mufindi naye inamhusu. Msumari uliopigiliwa mtini miaka iliyopita unamezwa na mti, hauonekani, na siku ya kupasua mbao unavunja msumeno. Kupitisha detekta kwenye gogo ni kazi ya dakika moja. Na wenye pawatila kule Mbarali mnajua nati moja ikidondoka shambani siku ya kulima inavyosimamisha kazi.

Yule kijana alienda kununua mbolea. Tulikubaliana kwamba baada ya mavuno nitamwazima mashine yangu. Mwezi Julai akaja kuichukua, akakaa nayo wiki mbili. Aliirudisha na kopo la maziwa la bati lililojaa: misumari 23, vipande vya nyaya 17, kitasa, na senti 10 moja ya tundu. Vyuma karibu vyote vilitoka kwenye eneo la mita chache kuzunguka hori la mama yake, ambapo mwaka juzi walipoteza ng'ombe mmoja kwa ugonjwa ambao hawakuujua. Alinyamaza kidogo akilitazama lile kopo. Kisha akauliza mashine ndogo kama ile inauzwaje. Mahindi alikuwa ameshauza, mbolea ya msimu unaofuata alikuwa ameshaitengea. Nikamwambia sasa tunaweza kuongea.

Lile sanduku la rupia la babu, kama lipo, litamsubiri.

Msimu mwema.